Huruma Isiyo na Elimu Humwua Kifaranga

Siku ya 21 ikifika, chumba chenye mashine ya kutotoleshea vifaranga hujaa watu. Wanafunzi husukumana kuchungulia kiooni. Sauti nyembamba hutoka ndani ya mayai. Yai moja limetoboka, jingine limepasuka nusu. Kisha mmoja wao, kwa moyo mwema kabisa, hufungua mlango ili amtoe kifaranga aliyelowa, au humenya ganda la yule aonekanaye kuchoka. Siku chache baadaye vifaranga hufa, na lawama huiangukia mashine, au umeme, au aliyeuza mayai. Ni mara chache lawama kuuendea mkono uliofungua mlango.

Yafaa jambo hili litazamwe upya, hasa mashuleni, kwani mradi wa kuku ni darasa la sayansi kabla ya kuwa kitega uchumi.

Kifaranga hatoki ndani ya yai kwa nguvu za dakika chache. Yapata siku ya 19 au ya 20 hutoboa kwanza chumba cha hewa kilichoko upande mnene wa yai, akaanza kutumia mapafu. Baadaye hulitoboa ganda kwa kijino kigumu kilichoko nchani mwa mdomo wake, kisha akatulia kwa saa nyingi, pengine 12 au zaidi. Mtazamaji hudhani amechoka. Kwa hakika ana kazi kubwa: damu iliyokuwa katika utando ulio chini ya ganda inarudi mwilini, na kiini cha yai kinamalizika kuingia tumboni kupitia kitovu. Anayemenya ganda wakati huo huikata mishipa ambayo bado ina damu, na pengine humtoa kifaranga na kiini chake kikiwa nje. Huruma ya namna hiyo haina tofauti na jeraha.

Mlango nao una hesabu yake. Katika siku tatu za mwisho unyevu wa hewa mashinemo hutakiwa kuwa kiasi cha asilimia 65 hadi 70. Mlango ukifunguliwa, hewa yenye joto na unyevu hutoka, na ya nje huingia. Hewa hiyo ikipashwa moto, kiu yake ya maji huongezeka. Basi huyanywa maji ya utando wa mayai yaliyokwisha toboka. Utando hukauka ukawa kama karatasi na kumbana kifaranga asiweze kujizungusha. Aidha, aliyekwisha toka akiwa amelowa hupoteza joto jingi maji yanapogeuka mvuke juu ya mwili wake. Kwa kumtoa mmoja kabla ya wakati, watu huwatia hatarini yeye na wenzake.

Wapo wasemao kwamba wamewahi kumsaidia kifaranga naye akaishi. Jambo hilo hutokea. Lakini mwanasayansi huuliza pia habari za wale asiowaona: ni mayai mangapi yaliyokwama kwa sababu mlango ulifunguliwa? Aliyeokoka huonekana akitembea. Waliokufa ndani ya maganda hutupwa shimoni bila kuhesabiwa. Ushahidi wa upande mmoja si ushahidi.

Hata hivyo, kukataa haraka si kusifu uzembe. Liko kosa la pili, la kuwaacha vifaranga mashinemo siku mbili au tatu kwa hoja kwamba kiini kilichoko tumboni kinawatosha. Ni kweli kiini hicho huweza kumhifadhi kifaranga kwa kiasi cha saa 48 hadi 72, na ndiyo maana vifaranga wa siku moja huweza kusafirishwa mbali. Lakini hiyo ni akiba ya dharura. Kifaranga anayekaa katika joto bila maji hukauka mwilini, na utumbo wake huchelewa kukua. Kipimo cha haki ni manyoya: wengi wakisha kauka na kuwa laini kama pamba, watolewe kwa mkupuo mmoja, wapewe maji yenye uvuguvugu, kisha chakula.

Huko waendako joto lazima liwatangulie. Kifaranga mchanga hana uwezo kamili wa kulinda joto la mwili wake. Katika juma la kwanza ahitaji digrii 32 hadi 35 za Sentigredi, zipimwe usawa wa mgongo wake, si usawa wa macho ya mwalimu. Kisha zipunguzwe kama digrii 3 kila juma. Wakirundikana chini ya taa, wanaona baridi. Wakikimbilia kingoni na kuhema midomo wazi, wanaungua. Wakijibana pembe moja, upepo unapenya. Wakitawanyika sawasawa juu ya maranda, wameridhika. Panapotumika jiko la mkaa, hewa safi isizuiwe, maana moshi usioonekana wa mkaa huua vifaranga na mlinzi wao.

Katika Misri ya kale watu walitotolesha mayai katika matanuri ya udongo, wakilipima joto kwa kuligusisha yai na kope la jicho. Hawakuwa na themometa, lakini walikuwa na uangalifu uliorithishwa. Shule yenye themometa na daftari haina udhuru wa kushindwa na mafundi hao.

Kila mashine ya shule basi na iwe na daftari lake: joto, unyevu, saa mlango ulipofunguliwa na sababu yake, na mayai yaliyokwama yakipasuliwa na kuchunguzwa badala ya kutupwa. Na idadi ya kutangazwa mbele ya wazazi isiwe ile ya vifaranga walioanguliwa, bali ya walio hai wakiwa na umri wa siku 14, ikilinganishwa na mayai yaliyowekwa. Hesabu hiyo haipendezi sana, lakini ndiyo ya kweli. Mwanafunzi atakayejifunza kuikabili atakuwa amepata zaidi ya kuku.