Ufuo wa Nzilo unangoja choo
Jumapili ukitoka Kolwezi kwenda Ziwa Nzilo, unameza vumbi la malori ya migodi kabla ya kuonja samaki. Ziwa lenyewe si la asili: ni mto Lualaba uliozuiwa kwa bwawa miaka ya 1950 ili migodi ipate umeme. Leo vijana wanaogelea humo, mama mmoja anageuza samaki juu ya makaa, bukari (ugali) inafuka mvuke pembeni, na kila mwanasiasa anayepita ana neno moja mdomoni: utalii. Haya, na fedha za utalii huo? Tangu 2015 Kolwezi ni makao makuu ya jimbo la Lualaba, na sheria ya madini ya 2018 inalipa jimbo asilimia 25 ya mrabaha, serikali za mitaa zenye migodi asilimia 15, na asilimia 10 ni akiba ya vizazi vijavyo, yaani kwa siku shaba na kobalti zitakapokwisha. Sheria ndiyo hiyo; fedha kufika ni hadithi nyingine. Mgeni haji kusikiliza hotuba. Anataka barabara inayopitika masika, na hakika kwamba maji anayooga hayakubeba uchafu wa viwandani. Waheshimiwa wa Lualaba, hoteli itangoja. Anzeni na choo pale ufuoni.