Je, Kugandisha Gia za Magari ya Mashindano Kuna Faida?

Miongoni mwa wapenzi wa mashindano ya magari huko Marekani na Ulaya imeenea imani kwamba gia iliyopozwa kwa nitrojeni ya majimaji, hadi nyuzi 196 za Selsiasi chini ya sifuri, haivunjiki upesi. Wapo wanaolipa fedha nyingi kwa kazi hiyo. Kwa maoni yangu, wengi wao hununua baridi wasiyoihitaji.

Jambo lenyewe si uchawi. Feleji ikipashwa moto hadi kuiva wekundu, atomi zake hujipanga kwa mtindo uitwao ostenaiti. Ikizamishwa ghafla katika mafuta, mpango huo hugeuka kuwa matensaiti, ambayo ni ngumu sana. Mageuzi hayo hutegemea kiasi cha baridi, na kadiri kaboni inavyozidi ndivyo baridi kali zaidi inavyohitajika ili yakamilike. Sasa gia nyingi za mashindano hulishwa kaboni kwenye ngozi ya meno yake, hadi kama asilimia 0.8, ilhali kiini hubaki na kama 0.2 tu. Kwa hiyo ngozini husalia ostenaiti kidogo hata gia ikishapoa karakanani.

Hapo baridi ina kazi ya kufanya. Lakini sehemu kubwa ya mabaki hayo hugeuka kwenye nyuzi 80 hivi chini ya sifuri, na barafu kavu hukaribia kabisa kiwango hicho. Watetezi wa nyuzi 196 husema kwamba baridi kali huandaa chembe ndogo mno za kabidi. Kwa feleji za vyombo vya kukatia hoja hiyo ina ushahidi: mwaka 1982 R. F. Barron wa Louisiana alichapisha vipimo vilivyoonyesha feleji hizo zikistahimili msuguano zaidi, ilhali feleji ya kaboni tupu na chuma cha kalibu hazikufaidika sana. Lakini gia si keekee. Jino lake aghalabu huvunjika shinani kwa uchovu wa metali, au kwa pigo la dereva anayebadili gia vibaya. Dhidi ya uchovu, ningetoa fedha kwanza kwa kuipiga ngozi ya jino kwa punje za chuma. Ngozi iliyobanwa hivyo huunyima ufa nafasi ya kufunguka.

Na ushahidi wa madereva? Mtu hugandisha gia, hubadili mafuta, hupanga upya giaboksi yote, kisha hushinda. Mwanafunzi wa kidato cha pili aweza kusema kasoro iko wapi. Jaribio la haki lingechukua gia za tanuri moja, nusu zigandishwe, kisha zote zibebeshwe mzigo uleule hadi zivunjike.

Zaidi ya hayo, kugandisha hufaa mara tu baada ya kuzamisha katika mafuta. Gia ya dukani imekwisha kupashwa moto tena na kutulia, na ostenaiti yake huwa sugu. Ile inayogeuka huzaa matensaiti mpya, kavu kama kioo, mpaka ipashwe moto wa nyuzi 150 au zaidi. Gia itokayo kwenye baridi moja kwa moja hadi garini yaweza kuwa dhaifu kuliko ile ambayo haikuguswa.