Gredi ya Bure Ni Mshahara Bandia, na Hata Kiswahili Chetu Kilitumika Kuulipa

Wasee, hii lazima niitoe kifuani. Kuna chuo kikuu Marekani ambako mwanafunzi aliweza kumaliza kiwango cha tatu cha Kiswahili bila kuandika sentensi moja ya Kiswahili kwenye hiyo kozi. Insha moja tu. Kwa Kiingereza. Kuhusu utamaduni wa Waswahili. Unaipeleka ofisini, unapewa gredi safi, sharti la lugha ya kigeni limekwisha, unarudi uwanjani.

Na usidhani nazungumzia chuo cha kichochoroni, kile cha ghorofa ya pili juu ya duka la simu. Ni University of North Carolina, pale Chapel Hill. Chuo cha umma kilichoanza kufundisha mwaka 1795. Kina jina, kina historia, kina maprofesa wa kuheshimika. Na kwa miaka 18, kuanzia 1993 hadi 2011, kilikuwa na kile walichokuja kuita madarasa ya karatasi: darasa lina jina, lina namba, liko kwa ratiba, lakini hakuna mhadhara, hakuna mwalimu anayekuja. Ni insha moja mwisho wa muhula.

Aliyekuwa anasahihisha hizo insha? Si profesa. Ni Deborah Crowder, mfanyakazi wa ofisi ya idara. Ripoti ya uchunguzi ilitolewa Oktoba 2014, na aliyeiandika ni mwanasheria Kenneth Wainstein, aliyekodiwa na chuo chenyewe, kwa hivyo msiniambie ni porojo za mahasimu. Ripoti inasema mama huyo mara nyingi alipitia utangulizi na hitimisho, halafu akaweka A au B ya juu. Mkuu wa idara, Julius Nyang'oro, Mtanzania kwa kuzaliwa, aliacha mambo yaende. Idara yenyewe ni ya masomo ya Afrika na ya Wamarekani weusi.

Wanafunzi zaidi ya 3,100 walipitia hayo madarasa. Sasa shika hesabu hii. Wanamichezo pale chuoni walikuwa karibu 4 kwa kila wanafunzi 100. Lakini kwenye madarasa ya karatasi, karibu nusu ya majina yalikuwa ya wanamichezo. Na kati ya wanamichezo hao, kundi kubwa kabisa lilikuwa timu ya futiboli. Ile ya helmeti na mabega ya plastiki, si hii yetu.

Kwani hiyo ni bahati? Crowder alipostaafu 2009, washauri wa masomo wa timu ya futiboli waliwaandalia makocha kikao, wakawaonyesha kwa skrini, kwa maandishi, kwamba yale madarasa ambayo wachezaji hawakuhitaji kuhudhuria, wala kuandika noti, wala hata kukaa macho, sasa hayapo tena. Waliandika hivyo wenyewe! Watu wazima, wana digrii, wanaomboleza kwamba vijana sasa itabidi wasome. Na muhula huo huo GPA ya timu ikashuka hadi kiwango cha chini zaidi kwa miaka 10.

Hapo ndipo utajua ile A ilikuwa ya nani. Haikuwa ya mchezaji. Ilikuwa ya mama wa ofisini. Alipoondoka, akaondoka nayo.

Msimamo wangu ni huu, na sitauzunguka. Gredi ya bure si zawadi. Ni mshahara bandia. Chuo kinamwambia kijana: hatukulipi pesa, tunakulipa elimu. Halafu hata hiyo elimu hawampi. Wanampa karatasi inayofanana na elimu. Ni kama umlime mtu shamba msimu mzima, halafu jioni akupe noti ambayo ukiifikisha dukani wanakuangalia na kucheka.

Na si North Carolina peke yake. Mwaka 1981 chuo cha Georgia kiliwapitisha wachezaji 9 wa futiboli ambao walikuwa wamefeli Kiingereza cha kiwango cha chini, kile cha kuwasaidia wanafunzi wasio tayari kwa masomo ya chuo. Wakapitishwa, wakabaki na ruhusa ya kucheza mechi kubwa ya Sugar Bowl. Mwalimu mmoja, Jan Kemp, akasema hapana. Akapoteza kazi. Akaenda kortini, na mwaka 1986 baraza la wazee wa mahakama likampa haki yake, fidia ya zaidi ya dola milioni 2.5, ingawa baadaye ilipunguzwa. Na unajua wakili wa chuo alijitetea vipi? Alisema kwamba huenda hawatamfanya mchezaji awe msomi wa chuo, lakini wakimfundisha kusoma na kuandika labda atapata kazi ya posta badala ya kuzoa takataka. Huyo ni mtu wa upande wa chuo. Anasema hivyo kortini, kuhusu wanafunzi wa chuo chake.

Mwaka 2006, Auburn. Profesa wa sosholojia, James Gundlach, aligundua kuna wachezaji wanaosomea somo lake ambao hakuna mtu idarani anayewafahamu. Kuchunguza, akakuta wachezaji 18 wa timu ya 2004, timu ambayo haikupoteza mechi hata moja msimu huo, wamechukua kozi za kusoma peke yako, bila darasa.

Halafu kuna Dexter Manley. Alicheza miaka 4 pale Oklahoma State. Akaenda ligi kuu ya kulipwa, NFL, akashinda ubingwa wa Super Bowl mara 2. Mwaka 1989 alikaa mbele ya kamati ndogo ya Seneti ya Marekani, akalia, akaeleza kwamba alipita shule na chuo bila kujua kusoma. Jitu la miraba minne linalia kwa sababu kila mtu aliyelipitisha alijifanya haoni. Niambie hiyo ilikuwa huruma. Niambie.

Sasa, kwa nini jambo hili halikomi? Kwa sababu ya vile mfumo umeundwa. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kina sharti: mchezaji akimaliza mwaka wa pili awe amefikisha 40% ya digrii yake, mwaka wa tatu 60%, mwaka wa nne 80%. Timu nayo inapewa alama ya maendeleo ya masomo, na ikianguka chini ya 930 kati ya 1,000 inaweza kufungiwa mashindano ya mwisho wa msimu. Ukisoma juu juu utasema vizuri, wanajali masomo. Lakini hebu fikiria. Anayepima ni nani? Chuo. Anayepata hasara kijana akifeli ni nani? Chuo hicho hicho. Na hasara yenyewe si ya peremende. Haki za kuonyesha michuano ya mwisho ya futiboli ya vyuo, kwa mkataba wa ESPN unaoanza 2026, ni dola bilioni 1.3 kwa mwaka. Umempa fisi bucha alinde, halafu unashangaa nyama imeenda wapi.

Na muda wa kusoma wanautoa wapi? Kwa karatasi, NCAA inasema saa 20 za michezo kwa wiki. Mwaka 2014 afisa wa bodi ya kazi ya serikali ya Marekani alichunguza timu ya Northwestern akakuta wakati wa msimu ni saa 40 hadi 50 kwa wiki. Hiyo ni kazi ya kuajiriwa na ovataimu juu. Kain Colter, nahodha aliyeongoza wachezaji wenzake kudai chama cha wafanyakazi, alitaka kuwa daktari. Somo la kemia likagongana na mazoezi ya asubuhi, akashauriwa aliache. Akaishia saikolojia. Na Northwestern ni chuo kinachosifika kwa masomo! Kama pale ndoto ya udaktari iligongwa na mazoezi, kwingine hali ikoje?

Najua kuna mtu atasema: wewe uliacha kampo mwaka wa pili, unajua nini kuhusu viwango vya masomo? Buda, ndiyo, niliacha, karo ilinishinda, na hiyo si siri kwa yeyote anayenifuata. Ndiyo maana ninaongea. Sina digrii, lakini hakuna aliyenidanganya kuhusu nilichonacho kichwani. Najua ninachojua, na nisichojua najua nikitafute wapi. Yule mchezaji ameibiwa hata hilo. Ameambiwa ana kitu, na hana. Na sisi hapa Kenya tunaojua uchungu wa maksi kupotea, mtu amefanya mtihani, amepita, halafu hahitimu kwa sababu faili haionekani, tunafaa kuona haraka kuliko wengine. Huku maksi za mtu aliyesoma zinapotea. Kule za mtu ambaye hakupewa nafasi ya kusoma zinapatikana. Ugonjwa ni mmoja: alama zimeachana na elimu.

Wa pili atasema: gredi zimefura kila mahali, hata Harvard, na Harvard si watu wa futiboli kubwa. Ni kweli. Harvard wenyewe walisema 2025 kwamba zaidi ya nusu ya gredi zao ni A. Lakini tofauti iko. A ya Harvard ikifura, kijana bado ametoka na jina, na marafiki, na baba anayejua mtu. A ya mchezaji wa futiboli anayetoka familia maskini ikifura, jina linabaki kwa chuo na yeye anatoka na goti bovu.

Wa tatu atasema: siku hizi wanalipwa, kwa hivyo tuache mambo ya masomo. Ni kweli tangu 2025 vyuo vinaruhusiwa kugawana na wanamichezo wao hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka. Mimi nafurahi, walipwe. Lakini hiyo ni kwa michezo yote ya chuo, na haigawanywi sawa. Na wanaofika NFL ni chini ya 2 kwa kila wachezaji 100 wa futiboli ya vyuo. Wale 98 wanaenda wapi Jumatatu asubuhi baada ya mechi ya mwisho? Wanaenda kutafuta kazi na ile karatasi.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Walipotaka pipa la kutupia gredi za bure, walichagua idara ya masomo ya watu weusi, kwa vijana ambao sehemu kubwa ni weusi, na wakaweka Kiswahili ndani ya hilo pipa. Lugha ya Shaaban Robert. Lugha ambayo kuna walimu pale pale Chapel Hill waliokuwa wanaifundisha kwa bidii, darasani, na ngeli zake zote, na wao pia wakapakwa matope. Mtu akisikia umesoma Kiswahili Marekani anacheka, anadhani ni mteremko. Hiyo heshima tutarudishiwa na nani?

Na NCAA ilifanya nini? Oktoba 2017 ilisema haiwezi kukiadhibu chuo kwa udanganyifu wa masomo, kwa sababu madarasa hayo yalikuwa wazi kwa wanafunzi wote. Soma tena pole pole. Yaani mwizi ameachiliwa kwa sababu mlango aliufungua kwa kila mtu.

Ninachotaka ni mambo matatu. Moja, washauri wa masomo wa wachezaji wasilipwe wala kuongozwa na idara ya michezo. Huwezi kula kwa kocha halafu umwambie kocha hapana. Mbili, kila darasa lililojaa wanamichezo litangaziwe umma: nani anafundisha, linakutana wapi, gredi zimekaaje. Bila majina ya wanafunzi. Tatu, ufadhili wa mchezaji usiishe na msimu wake wa mwisho. Kama ulichukua saa zake 50 kwa wiki akiwa na miaka 20, mrudishie darasa akiwa na 25, goti likiwa limepoa.

Na kwa wazazi wa Iten na Eldoret ambao simu za makocha wa Marekani huwafikia: njia hiyo ni ya zamani na ina heri nyingi. Henry Rono alikuwa mwanafunzi wa Washington State alipovunja rekodi 4 za dunia mwaka 1978. Mtoto aende. Lakini kabla hujatia sahihi, usiulize viatu na uwanja tu. Uliza atasoma nini, saa ngapi, na nani atamfundisha. Ukiambiwa usijali, masomo tutapanga sisi, hapo ndipo uanze kujali.

Uko na hoja ya kunipinga? Leta, nitasoma zote. Ila iandike mwenyewe.