Kisangani: Kitanda cha mtoto mchanga kipimwe kwa chandarua

Familia nyingi za Kisangani zinazosubiri mtoto huanza kukusanya vitu mapema: beseni, sabuni, vitenge, nepi, kofia ya sufi. Miaka hii kuna kitu kingine kinachoingia kwenye orodha, nacho ni kitanda kidogo kinachounganishwa na kitanda cha mama. Wengine wamekiona kwenye simu. Wengine wameahidiwa na ndugu aliyeko Ulaya. Wengine humpelekea seremala wa Mangobo au Kabondo picha na kumwambia: nichongee kama hiki.

Wazo lenyewe ni zuri. Tatizo ni kwamba picha hiyo ilipigwa katika chumba kisicho na mbu. Kisangani iko karibu kabisa na ikweta, kando ya mto Kongo, na malaria haina msimu wa mapumziko hapa. Kitanda kinachoitwa salama London au Paris kinaweza kumweka mtoto wa Tshopo hatarini kila usiku, ikiwa kitamtoa nje ya chandarua cha mama yake.

Ndiyo maana swali la kwanza la mzazi lisiwe bei, wala rangi, wala kama kina magurudumu. Swali la kwanza liwe hili: je, mama na mtoto watatosha pamoja chini ya chandarua kimoja? La pili: mtoto akilala humo, pua na mdomo wake vitabaki wazi usiku kucha? Kitanda kisichopita maswali hayo mawili hakifai, hata kama kimetoka mbali na kwa gharama kubwa.

Tuanze na hewa, kwa sababu nchi nyingine zimelipa gharama kubwa kujifunza jambo hili. Kwa miaka mingi wazazi wa Ulaya na Marekani walishauriwa kuwalaza watoto kifudifudi. Utafiti ulipoonyesha kwamba mkao huo unaongeza vifo vya ghafla usingizini, Uingereza ilianza kampeni mwaka 1991 na Marekani ikafuata mwaka 1994, ujumbe ukiwa mmoja: mlaze mtoto chali. Katika miaka iliyofuata vifo hivyo vilipungua kwa zaidi ya nusu. Hakuna dawa iliyonunuliwa. Watoto waligeuzwa tu.

Kanuni zinazofuatwa leo ni chache. Mtoto alazwe chali, mchana na usiku. Godoro liwe gumu na tambarare. Kusiwe na mto, blanketi zito, midoli wala nguo zilizokunjwa pembeni ya kichwa. Mama wengi na bibi wengi huogopa kwamba mtoto akilala chali atapaliwa na maziwa. Hofu hiyo inaeleweka, lakini mwili wa mtoto mwenye afya umejipanga vizuri: akiwa chali, njia ya hewa inakuwa juu ya njia ya chakula, na maziwa yanayorudi humezwa au hutoka nje. Ni akiwa kifudifudi ndipo njia ya chakula inapokuwa juu, na yanayorudi yanaweza kuteremkia kwenye njia ya hewa.

Wafanyabiashara wakubwa nao wamewahi kukosea. Aprili 2019 kampuni ya Fisher-Price iliondoa sokoni vitanda vyake vya Rock 'n Play, takribani milioni 4.7, baada ya vifo vya watoto zaidi ya 30 kuripotiwa. Vitanda hivyo vilikuwa na mwinamo kama kiti. Mtoto mchanga hana nguvu ya shingo. Akilazwa kwa mwinamo, kichwa huweza kuanguka mbele, kidevu kikagusa kifua na hewa ikazibwa bila sauti yoyote. Mwaka 2022 Marekani ilipiga marufuku kwa sheria vitanda vya namna hiyo, pamoja na mito mirefu inayozungushwa ndani ya kitanda kwa ajili ya mapambo. Kabla ya hapo, mwaka 2011, ilikuwa imekataza vitanda vyenye upande unaoteremshwa, kwa sababu upande ukilegea unaacha pengo la kumnasa mtoto.

Kitu kikipigwa marufuku huko hakipotei duniani. Kinaweza kuuzwa kama kilichotumika, kikaingia kwenye kontena, kikasafiri kwa meli kupandisha mto kutoka Kinshasa au kwa lori kutoka mashariki, na kuuzwa Makiso kama kitu cha fahari. Anayekinunua hajui historia yake. Kwa hiyo mzazi anayeona kitanda chenye mwinamo, chenye upande unaocheza au chenye mito iliyoshonewa ndani, akiache dukani.

Baada ya hewa linakuja suala la ukaribu. Madaktari wa watoto wa Marekani, katika mwongozo wao wa 2022, wanashauri mtoto alale chumba kimoja na wazazi kwa angalau miezi sita ya kwanza, lakini juu ya sehemu yake mwenyewe. Mama wa Kisangani hahitaji kufundishwa kulala karibu na mwanawe. Amefanya hivyo tangu zamani, na kwa sababu nzuri: mtoto hunyonya usiku, na mama husikia pumzi yake ikibadilika. Hatari huanza godoro linapokuwa limebonyea katikati, kitanda kinapokuwa na watu wanne, mzazi anapokuwa amekunywa pombe, au mama aliyechoka anapopitiwa na usingizi kwenye kochi na mtoto kifuani. Kitanda cha kuunganisha kinaacha mkono wa mama ufike, huku mwili wa mtu mzima ukibaki upande wake.

Hapa ndipo mbu anapoingia kwenye hesabu. Shirika la Afya Duniani linaiweka Kongo nafasi ya pili duniani, baada ya Nigeria, kwa wagonjwa na vifo vya malaria. Zaidi ya kifo kimoja kati ya kila kumi vya ugonjwa huo hutokea katika nchi hii. Chanjo ya malaria haitolewi kwa mtoto mchanga. Huanza akiwa na umri wa miezi mitano hivi au zaidi. Kabla ya hapo ana kinga kidogo aliyoipata kwa mama yake, isiyotosha kutegemewa, na ana chandarua.

Sasa fikiria kitanda kidogo kilichowekwa kando ya kitanda kikubwa, chandarua kikishuka katikati yao kama pazia. Kila mtoto anapolia, mama anainua chandarua, anamchukua, anamnyonyesha, anamrudisha. Usiku mmoja unaweza kuwa na safari tano za namna hiyo. Mbu wanaingia kwa mama, na mtoto anabaki nje. Wengine hujaribu kumkinga kwa kutandaza kitenge juu ya kitanda chake. Hilo ni kosa kubwa zaidi: kitambaa huzuia hewa, huongeza joto na huweza kumwangukia usoni.

Dawa ya tatizo hili ni kipimo, na hakihitaji daktari. Vyandarua vingi vinavyogawiwa kwenye kampeni vina upana wa sentimita 180 au 190. Kitanda cha mama chenye upana wa sentimita 140, ukiongeza cha mtoto cha sentimita 40, jumla ni 180. Chandarua kitafika, ila kwa shida, na kuna pande za kuchomeka chini ya godoro. Kitanda cha sentimita 160 ukiongeza hicho hicho cha mtoto ni 200, na chandarua hakitoshi tena. Familia yenye kitanda kikubwa itahitaji chandarua kikubwa zaidi, au njia nyingine ya kumlaza mtoto. Ni afadhali kulijua hilo kabla ya kumlipa seremala kuliko kuligundua usiku wa kwanza. Chandarua kivutwe vizuri, kisining'inie karibu na uso wa mtoto.

Seremala naye apewe vipimo badala ya picha pekee. Tshopo ni jimbo la misitu, na mbao nzuri hupita Kisangani kila siku zikielekea mbali. Mikono ya kuzichonga ipo. Nafasi kati ya fito na fito isizidi sentimita sita. Kopo la soda ni pana kidogo kuliko hapo, hivyo kopo likipita, kitanda kirudi karakana. Godoro la mtoto liwe sawa kwa kimo na godoro la mama na lijaze kitanda chote, pasibaki nafasi ya kuingiza vidole viwili pembeni. Miguu ya vitanda vyote viwili ifungwe pamoja kwa mkanda imara, ili kisiteleze mama anapogeuka. Waswahili husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ufa ni ule ulio kati ya godoro na godoro, ambamo mwili wa mtoto unaweza kuteleza na uso ukanasa. Usizibwe kwa kitenge kilichokunjwa. Kitanda chenyewe kisogezwe mpaka ufa uishe.

Pande tatu zilizobaki ziwe na ukingo. Misumari isitokeze. Vanishi iachwe ikauke na harufu iishe kabisa kabla mtoto hajalazwa humo. Na siku mtoto atakapoanza kujigeuza au kujiinua kwa mikono, kitanda hicho chenye upande ulio wazi kimemaliza kazi yake.

Kuna watakaosema kwamba haya ni mambo ya matajiri. Ng'ambo ya mto, Lubunga imepokea familia zilizokimbia mapigano kati ya Wambole na Walengola, na wengine wamelala chini kwenye mikeka. Kuwaambia watu hao wanunue kitanda cha mtoto kungekuwa dhihaka. Lakini kanuni zilizotajwa hapa haziuzwi. Kumlaza mtoto chali ni bure. Kuondoa mto ni bure. Mkeka mgumu uliotandikwa kitambaa kimoja kilichonyooshwa, chini ya chandarua kilichochomekwa vizuri, ni salama kuliko godoro laini la bei kubwa.

Zaidi ya hapo, kuna mfano wa kuiga kutoka nchi isiyotarajiwa. Huko New Zealand, Wamaori ambao watoto wao walikuwa wakifa usingizini kuliko wa jamii nyingine walirudi kwenye ufundi wao wa kusuka. Walitengeneza kapu la majani lenye kingo fupi na sakafu ngumu, wakaliita wahakura. Mtoto hulala ndani yake, na kapu huwekwa juu ya kitanda cha wazazi. Serikali na wakunga waliligawa pamoja na mafunzo, sambamba na kisanduku cha plastiki cha kazi hiyo hiyo. Kati ya mwaka 2009 na 2015 vifo vya watoto nchini humo vilishuka kwa kiasi kikubwa, na Wamaori ndio walionufaika zaidi. Kisangani ina wasukaji wa kekele wanaotengeneza viti na meza. Kapu la mtoto lenye sakafu tambarare haliwashindi, na kwa sababu hukaa juu ya kitanda cha mama, tatizo la upana wa chandarua linakwisha.

Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati au mwenye uzito mdogo ana utaratibu wake. Huyo kwanza anahitaji kifua cha mama, ngozi kwa ngozi, kama Shirika la Afya Duniani lilivyosisitiza mwaka 2022, na mama afuate maelekezo ya muuguzi.

Haya yote hayawezi kuachiwa kila mama apambane nayo peke yake. Idara ya afya ya jimbo la Tshopo ina nafasi ambayo haigharimu sana: siku za kupima mimba, ambapo wanawake hukaa pamoja wakisubiri zamu. Dakika kumi kwa Kiswahili na kwa Kilingala, pamoja na mwanasesere na mkeka, zinatosha kuonyesha mtoto alazwe vipi. Wauguzi wa wodi za uzazi nao wawe mfano, kwa sababu mama mpya huiga kile anachokiona siku ya kwanza. Karatasi moja ya vipimo ipelekwe kwenye karakana za maseremala. Na mabibi waalikwe kwenye mafunzo, kwani nyumbani wao ndio wanaoamua mtoto alale vipi.

Kuna sababu nyingine ya kuharakisha. Mtoto akikutwa amekufa alfajiri, hakuna uchunguzi wa mwili unaofanywa katika nyumba nyingi, na chanzo hutafutwa kwa maneno. Mama huambiwa amemlalia mwanawe. Wakati mwingine shutuma za uchawi huangukia mtu asiye na hatia ndani ya familia ileile. Kila mtoto anayelazwa salama anaiepusha familia na msiba huo na ugomvi unaoufuata.

Anayetaka kuanza leo, asianzie dukani. Achukue futi, apime upana wa kitanda chake, kisha apime chandarua. Akishapata namba hizo mbili ndipo aende kwa seremala.