Kadi ya chakula kule Marekani: kila jamaa na tarehe yake

Kila mwanzo wa mwezi simu zinalia kati ya Goma, Bukavu ao Uvira na miji ya Marekani. Ndugu wa huku anauliza: « Yaya, serikali imeisha kukulipa? » Wa kule anajibu: « Bado, tarehe yangu haijafika. » Huku hawaamini. Jirani yake, Mkongomani kama yeye, wa mji uleule, alipata tangu tarehe 3. Yeye namna gani bado? Basi anatuficha. Hapo ndipo ugomvi wa jamaa unaanzia.

Mara nyingi yule ndugu hadanganyi. Tuweke jambo hili wazi, kwani linagusa nyumba nyingi za mashariki mwa inchi yetu. Katika mwaka wa bajeti wa 2024 peke yake, Marekani ilipokea wakimbizi karibu 20,000 kutoka Kongo, na hakuna inchi iliyotoa wengi kuliko yetu.

Wengi wao walitoka katika kambi kama Nyarugusu kule Tanzania ao Nakivale kule Uganda. Katika kambi, siku ya mgao inatangazwa, watu wanapanga mustari, kila mtu anaona jirani amebeba nini. Marekani si hivyo. Msaada wa chakula, wanaouita SNAP, unaingia mara moja kwa mwezi ndani ya kadi inayofanana na ya benki. Pesa inatoka kwa serikali kuu, lakini kila jimbo linapanga kalenda yake.

Katika jimbo la Vermont wote wanapata tarehe 1, na katika Dakota ya Kusini wote tarehe 10. Kentucky, kwenye Wakongomani wengi wanaishi, wanagawanya kuanzia tarehe 1 mpaka 19, kufuatana na nambari ya dosie. Texas wanaweza kufika mpaka tarehe 28. Iowa wanafuata herufi ya kwanza ya jina la jamaa, kati ya tarehe 1 na 10. Kwa hiyo watu wawili wa mji mmoja wanaweza kupishana wiki mbili bila mmoja kuwa amekosa kitu.

Hili la jina tuliangalie vizuri. Sisi tuna jina, jina la pili na jina la ubatizo. Fomu ya Marekani inataka moja tu liwe la jamaa. Anayejiita Byamungu anaweza kukuta ameandikwa kwa jina lake la pili, Mwamba. Akingojea tarehe ya herufi B, atangojea bure. Asome barua aliyopewa, aangalie jina lililoandikwa pale.

Mwezi wa kwanza nao una desturi yake. Biro ina siku 30 za kujibu ombi, ao siku 7 kwa jamaa isiyokuwa na kitu kabisa. Pesa ya mwezi ule inahesabiwa tangu siku ombi lilipoingia, ndiyo maana ni kidogo. Kisha, kila kipindi biro inatuma fomu ya kuhakikisha dosie. Asiyeirudisha, tarehe yake inafika na kadi iko tupu. Wengi wanadhani serikali imewasahau, kumbe barua iko juu ya meza, haijafunguliwa kwa sababu iko kwa Kiingereza. Tunawaomba vijana wanaosoma kule: fungueni barua za wazazi wenu.

Wezi pia wanajua kalenda. Wanaiba namba ya kadi dukani, wanangojea usiku pesa inapoingia, wanaikausha. Tangu mwisho wa mwaka 2024 serikali kuu hairudishi tena pesa iliyoibiwa hivyo. Dawa ni kubadilisha namba ya siri siku moja mbele ya tarehe.

Sasa tunageukia wandugu wa huku. Pesa ile haitumwi kwa simu. Haitoki kama pesa mkononi, hailipi nyumba, hainunui hata sabuni. Jamaa ya watu wanne, hata isiyokuwa na mapato yoyote, haipiti dola 994 kwa mwezi katika majimbo mengi, na anayefanya kazi anapata chini ya hapo. Kumwambia mtu « unakula bure, basi tuma mshahara wote » ni kutomhurumia. Kodi ya nyumba inamngoja palepale.

Na hata tarehe yenyewe si ahadi ya milele. Mwezi wa kumi na moja 2025, serikali ya Marekani ilipofunga biro kwa siku 43 kwa ugomvi wa bajeti, msaada ulichelewa kwa watu karibu milioni 42. Mbele ya hapo, sheria iliyotiwa sahihi tarehe 4 mwezi wa saba 2025 iliondoa wakimbizi wasiokuwa bado na karatasi ya ukaaji wa kudumu, ile green card. Kwa hao, swali la « lini » limekuwa « kama ».

Sisi tunaona sheria hii ni ngumu. Inakata chakula kwa mtu wakati ule anapokihitaji zaidi, mwaka wake wa kwanza. Lakini kulalamika hakujazi sufuria. Mkimbizi anaweza kuomba karatasi ile akiisha mwaka mmoja Marekani. Asipitishe hata wiki, kwani akiipata anaweza kuomba msaada tena. Mtoto aliyezaliwa kule ni raia, haki yake inabaki, hata kama wazazi wameondolewa. Mama mwenye mimba na watoto wasiofikisha miaka mitano wana mpango mwingine, WIC. Shule zinalisha watoto, na makanisa mengi yanagawa chakula.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, mwezi ujao ukipiga simu kule, usianze na « wamekulipa? » Uliza kwanza: « Fomu umeirudisha? Karatasi ya ukaaji umeiomba? » Ukiuliza hivyo, utakuwa umemsaidia.