Binti akivunja ungo, usimnyang'anye mpira

MAKANGALE, PEMBA: Mwezi Aprili 2025 mjini Rabat, timu ya taifa ya futsal ya wanawake ya Tanzania ilicheza fainali ya kwanza ya Kombe la Afrika dhidi ya wenyeji, Morocco. Ilifungwa 3-2, lakini kufika fainali kuliipa tiketi ya Kombe la Dunia la kwanza la wanawake la mchezo huo, lililofanyika Ufilipino mwishoni mwa mwaka huo huo.

Futsal ni mpira wa ukumbini. Kila upande una wachezaji watano pamoja na kipa, na vipindi ni viwili vya dakika 20. Kwa mzazi wa Makangale mchezo huu si mgeni: ni chandimu iliyowekewa paa na refa. Watoto wetu wanahitaji kiwanja kidogo tu nyuma ya skuli, au mchanga mgumu wa pwani maji yakitoka.

Tatizo ni nani anayeruhusiwa kucheza. Kijana wa kiume huendelea mpaka aote ndevu. Binti, katika nyumba nyingi, huambiwa basi siku anapovunja ungo. Na huo ndio umri ambao mifupa yake inajijenga kwa kasi, na kukimbia na kuruka huiimarisha.

Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za shughuli zinazowafanya wahemeke. Kuchota maji na kutembea kwenda chuoni kunahesabiwa. Lakini kazi haimpi binti kicheko na marafiki, na akili nayo inataka afya.

Wazazi wengine huhofia hedhi. Kucheza wakati wa hedhi hakumdhuru binti mwenye afya, na huweza kupunguza maumivu ya tumbo. Muhimu awe na pedi au kitambaa safi, na mahali pa faragha pa kubadilisha. Wengine huhofia stara. Sheria za soka zinaruhusu hijabu tangu 2014, na suruali ndefu haimzuii mtu kufunga goli.

Mambo manne ya kuangalia:

Viatu. Minyoo ya safura hupenya kwenye ngozi ya miguu iliyo peku, hunyonya damu na kumwachia mtoto upungufu wa damu. Raba za bei nafuu zinatosha. Siku za dawa za minyoo skuli, mtoto asikose.

Muda. Wacheze baada ya Alasiri, jua likipungua, warudi kabla ya Maghribi. Maji ya kunywa yawe karibu.

Zamu. Katika futsal mchezaji hutoka na kurudi mara nyingi apendavyo. Waige hivyo: anayechoka akae, mwingine aingie.

Dalili. Mtoto akizimia, akiumwa kifua au akipiga miluzi kifuani anapokimbia, mpeleke kituo cha afya. Vivyo hivyo akiwa mweupe viganjani na anachoka haraka kuliko wenzake.

Mama na baba, kaeni mzungumze jioni moja tu: nani atabeba ndoo saa ile binti anapokwenda kucheza? Kaka yake ana mikono miwili pia.