NANI ANAMLIPIA CHATU HONGO?

Nilimkuta kwenye barabara ya Kwihara, jua la saa tisa, kiroba begani. Kijana wa rika langu tu. Kiroba kilikuwa kinapumua. Nikadhani ni kuku, lakini kuku gani mzito namna ile? "Chatu," akasema, bila kupepesa macho. Nikamuuliza anampeleka wapi. "Kuna mtu." Mtu gani? Akacheka. "We si ndo mnaandikaga? Andika: kuna mtu."

Basi naandika. Kuna mtu.

Na njia hii inamfahamu mtu huyo tangu zamani. Kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, Tabora ikiwa katikati, karne ya 19 pembe za ndovu zilipita hapa mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, na watumwa wakapita shingo zao zikiwa minyororoni. Stanley na Livingstone walikaa pamoja Kwihara hiyo hiyo mwaka 1872, na leo kuna nyumba ya makumbusho. Sawa. Lakini nionyesheni nyumba moja tu iliyojengwa kwa faida ya pembe zile ikabaki mikononi mwa mpagazi! Hakuna. Bega lilikuwa la kwetu, faida ilikuwa ya mtu.

Hata hivyo, wazee wetu wa wakati ule walituzidi kwa jambo moja. Walitoza hongo. Vijana wenzangu, neno hili lilikuwa na heshima zake. Hongo ilikuwa ushuru wa njia: unapita katika nchi ya watu, mlipe mtemi nguo, shanga au waya, ndipo uende zako. Mirambo wa Urambo, aliyefariki mwaka 1884, alianza kupigana na Waarabu wa Tabora mwaka 1871, na ugomvi mkubwa ulikuwa juu ya njia na nani anufaike nayo. Leo hongo ni rushwa. Neno limeoza mdomoni mwetu. Na chatu anapita barabara ile ile bila ya kulipiwa hata ile hongo ya zamani. Akilipiwa, ni hii mpya, inayoishia mfukoni mwa mtu.

Najua wapo watakaonirukia: "Acha hizo bwana, kukamata nyoka ni mila yetu!" Haya, tuizungumze hiyo mila. Unyamwezini na Usukumani kuna Wayeye, chama cha wenye kujua nyoka. Hans Cory aliandika habari zao mwaka 1946, na kabla yake, mwaka 1935, Wamarekani Carnochan na Adamson walitoa kitabu kizima juu ya watu wa nyoka wa Unyamwezi. Huyo Carnochan alikuwa katika msafara wa mwaka 1926 uliokuja Tanganyika kukamata wanyama hai kwa ajili ya bustani ya wanyama ya Washington. Mnaona? Kuna mtu, tangu enzi hizo.

Wayeye walikamata nyoka, na waliwaua pia. Sitaki kuwapaka rangi ya malaika. Lakini hakuingia mtu hivi hivi tu. Ulifundishwa, ukachanjwa, ukajua dawa ya aliyeumwa, ukawa na wakubwa wa kukuuliza. Yule mshikaji wa Kwihara nani alimfundisha? Nani atamuuliza? Ana kiroba na njaa, basi. Kuiita biashara hiyo mila ni kumvalisha mwizi joho la hakimu.

Wengine watasema: nyoka anaua, na akamatwe! Kweli anaua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka nyoka wanaua watu kati ya 81,000 na 138,000 duniani. Simwambii mkulima wa Sikonge amkaribishe koboko kitandani. Ila niambieni, anayewindwa kwa ngozi na mafuta ni nani? Ni chatu. Na chatu hana sumu! Kifutu, anayelala njiani akisubiri mguu wa mama anayekwenda kuchota maji, anabaki pale pale. Mnataka kuokoa watu? Pigeni kelele kuhusu dawa. Kampuni ya Sanofi iliacha kutengeneza dawa yake ya sumu ya nyoka wa Afrika mwaka 2014, na akiba ya mwisho ikaisha muda wake mwaka 2016. Hapo sikusikia kijiwe chochote kikiandamana. Na dawa yenyewe hutengenezwa kwa sumu iliyokamuliwa kwa nyoka aliye hai, akachomwa farasi. Bila nyoka, hakuna dawa ya nyoka.

Tena, mnunuzi anataka chatu mkubwa. Mkubwa huyo mara nyingi ni mama. Chatu jike hujizungusha kwenye mayai yake miezi miwili mitatu hivi, hali, anayalinda. Ukimtoa pale hukutoa nyoka mmoja, umetoa kizazi. Miombo yenyewe inapungua kwa kuni za kukaushia tumbaku. Tunamfukuza chumbani halafu tunamvizia mlangoni. Akishakwisha, panya atakuja kututembelea. Waliolima mahindi mkoa huu wanajua panya shamba akizaliana anafanya nini: anafukua mbegu kabla hazijaota, kisha anakufuata ghalani. Nyoka ndiye mlinzi asiyedai mshahara.

"Lakini sheria ipo." Ipo, tena nzuri. Kuanzia ile ya mwaka 1974 hadi Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, mnyamapori hakamatwi bila kibali. Mwaka 2016 serikali ilipiga marufuku kusafirisha wanyama hai nje ya nchi. Juni 2022 ikatangazwa kwamba wafanyabiashara wangepewa miezi 6 kuwatoa waliobaki, na punde waziri akasitisha. Fungua, funga, fungua, funga. Huko juu mlango unapigwa, huku Kwihara kiroba kinapumua. Na akikamatwa mtu, atakuwa nani? Bega. Yule "mtu" hatakuwepo.

Msidhani ni ushamba wa Tabora peke yake. Huko Sweetwater, Texas, tangu mwaka 1958 wanafanya sherehe kila mwaka ya kukusanya nyoka, na wapo waliokuwa wakiwatoa mashimoni kwa mvuke wa petroli. Wazungu na elimu yao! Lakini huko huko Marekani, mji wa Claxton, Georgia, uligeuza sherehe kama hiyo mwaka 2012 ikawa tamasha la wanyamapori. Watu wanakuja, wanalipa kiingilio, nyoka wanabaki hai. Wameweza. Sisi wenye Wayeye, wenye ngoma ya nyoka tangu mababu, tunashindwa nini?

Nasi waandishi chipukizi, mikono yetu si misafi. Fungueni madaftari yenu. Nyoka akiingia ukurasa wa pili, ukurasa wa tatu keshapondwa kichwa. Mke mbaya ni nyoka, jirani mchawi ni nyoka, fisadi ni nyoka. Jamani, fisadi alishawahi kukulia panya? Tunafundisha wasomaji kumchukia, halafu tunashangaa hakuna anayemlilia.

Nasema wazi ninachotaka. Nyoka wahesabiwe kabla ya mtu yeyote kupewa kibali. Huwezi kugawa usichokihesabu. Kijiji anachotoka mnyama kiwe na sauti, na hongo yake halali, kwa risiti. Zahanati ziwe na dawa. Na anayetafutwa awe mnunuzi kwanza, mbebaji baadaye.

Mwenye hoja ya kunipinga aje nayo, tubishane. Mimi nikikutana tena na yule mshikaji sitamuuliza anampeleka wapi. Nitamuuliza: huyo mtu anakupa shilingi ngapi, na yeye anauza ngapi? Akinijibu, nitaandika na hilo.